Jubilei ya Mapadri Weupe: maswali ambayo kamati za parokia Bukavu huuliza mara kwa mara

Mwaka 2030 itatimia miaka 150 tangu Mapadri Weupe wafungue kituo chao cha kwanza upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na mwaka unaofuata Nyangezi itatimiza miaka 125. Kamati inayotaka kuandaa jubilei bila kukimbizana ianze sasa. Majibu haya ni kwa parokia za Bukavu na pembeni yake, lakini ndugu wa Goma, Uvira na Kalemie nao watapata humu cha kwao.

Tunasherehekea mwaka upi hasa? Wengine wanasema jubilei ilishapita.

Wote wana haki, kwa sababu tarehe ni nyingi. Shirika lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie; miaka 150 ya hapo iliangukia 2018. Msafara wa kwanza kuelekea maziwa makuu uliondoka 1878. Mapadri walifika Massanze, mwambao wa kaskazini-magharibi wa Tanganyika, mwaka 1880. Kivu yetu walifika baadaye: Nyangezi ilianza 1906. Jimbo kuu la Bukavu nalo ni la tarehe 10 Novemba 1959, siku Papa Yohane XXIII alipoanzisha hierarkia ya Kanisa la Kongo, yaani majimbo kamili yenye maaskofu wake.

Chagueni tarehe moja, kisha iandikwe kwa sentensi kamili kwenye bango, barua na kitenge: «Miaka 150 ya Mapadri Weupe mashariki mwa Kongo, 1880–2030». Kosa linalorudi kila mara ni kuandika «Miaka 150 ya Injili Kongo». Si kweli. Mfalme Nzinga a Nkuwu wa Kongo alibatizwa mwaka 1491, na mwaka ule ule wa 1880 Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wakianza kazi Boma, upande wa magharibi. Mgeni mmoja kutoka Matadi akisoma bango lenu, atawauliza.

Mapadri Weupe ni watawa?

Kisheria, hapana. Wao ni shirika la maisha ya kitume. Hawaweki nadhiri kama Wafransiskani au Wabenediktini. Wanatoa kiapo cha kimisionari cha maisha yote. Kwa hiyo msiandike «nadhiri» kwenye kadi ya mwaliko. Jina lao rasmi ni Wamisionari wa Afrika, na ndani yao wamo mapadri na mabruda. Mabruda husahaulika kwenye hotuba, ingawa mara nyingi ndio waliofyatua matofali, wakapasua mbao na kupaua makanisa.

Na «Weupe» ni kwa sababu ya ngozi?

Ni kwa sababu ya vazi. Lavigerie aliwavika gandura na burnusi, mavazi meupe ya Waarabu wa Afrika Kaskazini, pamoja na rozari shingoni. Leo wengi wanaojiunga ni Waafrika, na jina halijabadilika.

Masista Weupe tuwaweke kwenye jubilei hii hii?

Waalikeni, wapeni nafasi ya kusema, lakini msiwaingize kwenye hesabu. Masista wa Bibi Yetu wa Afrika walianzishwa mwaka 1869, wana tarehe zao na kumbukumbu zao. Hali kadhalika Waksaveri, ambao wengi huwachanganya na Mapadri Weupe kwa kuwa wote wamefanya kazi Bukavu na Uvira: hao ni wa Parma, walianzishwa 1895 na Guido Maria Conforti, na walifika Kongo 1958.

Ibada kuu iwe lini?

Swali hili huangusha kamati nyingi. Watu wanachagua tarehe, wanachapa mabango, halafu katibu wa liturujia anafungua kalenda na kusema haiwezekani.

Misa ya shukrani yenye sala zake haiwezi kuchukua nafasi ya Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka, wala sherehe kubwa za Kanisa, wala Juma Takatifu. Dominika ya kawaida inawezekana, kwa ruhusa ya askofu. Sasa tazameni 2030. Dominika ya tarehe 24 Novemba ni Kristo Mfalme. Tarehe 1 Desemba Majilio yanaanza. Tarehe 8 Desemba, siku ambayo wengi huipenda kwa sababu ya Bikira Maria, ni Dominika ya pili ya Majilio, na sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili inasogea hadi Jumatatu tarehe 9. Hakuna anayewakataza kusali siku hizo na kushukuru. Ila masomo na sala vitabaki vya siku yenyewe, na mahubiri yote mliyopanga kuhusu wamisionari yatalazimika kupita mlango mwingine.

Pendekezo letu ni Dominika ya tarehe 21 Julai 2030. Iko kwenye kipindi cha kawaida. Iko kwenye kiangazi, ilhali Novemba Bukavu ni mvua kila mchana. Na ni siku ile ile ambayo, mwaka 1917, Askofu Victor Roelens alimpa Stefano Kaoze upadri huko Baudouinville, ambako leo ni Kirungu, Moba. Kaoze ndiye padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Jubilei ya wamisionari inayoadhimishwa siku yake inaonyesha kazi yao ilizaa nini, bila hotuba ndefu.

Tuombeje rehema kamili?

Barua ya kuomba rehema hiyo, yaani ondoleo la adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, inaandikwa na askofu kwenda Idara ya Toba ya Kitume, Roma. Parokia haiandiki yenyewe. Ninyi mpelekeeni askofu maelezo: jina la kanisa, sababu, tarehe ya kuanza na kufunga, na ibada zitakazofanyika. Mpeni angalau miezi 6. Masharti kwa muumini hayabadiliki: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote, hata ndogo. Tatizo hutokea kwenye kitubio. Watu 2,000 wakitangaziwa rehema asubuhi ile ile, wote watapanga mstari mbele ya mapadri wanne. Pangeni maungamo wiki nzima kabla, kila jumuiya hai na siku yake.

Tutumie ibada ya Zaire au ya kawaida?

Ibada ya Zaire, yaani utaratibu wa Misa wa majimbo ya Kongo, imeidhinishwa na Roma tangu tarehe 30 Aprili 1988, kwa hiyo si jambo la kuomba radhi. Inafaa jubilei kuliko nyingine, kwa sababu mwanzoni kuna kuwaita watakatifu na wahenga wenye moyo mnyofu. Hapo marehemu waliojenga parokia wana mahali pao. Lakini itumike yote au iachwe. Mchanganyiko ndio unaoharibu: kwaya inaimba «Bwana utuhurumie» mwanzoni kwa mazoea, wakati katika ibada hii toba inakuja baada ya mahubiri na Nasadiki, ikifuatwa na kunyunyiziwa maji na kupeana amani. Injili husikilizwa watu wamekaa. Mtangazaji lazima alijue hilo. Asipowaambia watu wakae, nusu watasimama na nusu watakaa, na watoto watacheka.

Ngoma ya Utukufu inazunguka altare, hivyo acheni mita 2 wazi pande zote nne. Maua ya chini ndiyo hukanyagwa kwanza.

Hostia na divai, kiasi gani?

Wakristo 3,000 wakitegemewa, hesabuni wanaokomunika 1,800 na mweke hostia 2,000. Zitakazobaki zitaingia tabernakulo, kwa hiyo mtu aitazame mapema na kuihakikishia nafasi. Mhudumu mmoja anakomunisha watu 10 hivi kwa dakika. Wahudumu 12 kwa watu 1,800 ni dakika 15. Wahudumu 5 ni dakika 36, na hapo kwaya imeishiwa nyimbo. Kila mhudumu apewe njia yake kabla ya Misa, na kijana mwenye kitambaa cheupe asimame mahali hapo ili watu waone pa kwenda.

Divai: mapadri 60 wakinywa, kila mmoja mililita 10 hivi, ni mililita 600. Ongezeni ya kalisi kuu. Chupa 1 ya sentilita 75 inatosha kwa shida, chupa 2 zinatosha kwa raha. Iwe ya zabibu, safi, isiyoharibika. Kila jubilei anatokea mwenye wazo la kutumia divai ya mananasi «kwa utamadunisho». Haiwezekani, na hostia haiwezi kuwa ya muhogo wala mahindi: ni ngano tupu. Mananasi yapelekwe kwenye matoleo, yatapokelewa kwa vigelegele.

Kitenge cha jubilei kinaagizwaje?

Pisi nzima ni yadi 12, karibu mita 11, nusu pisi ni yadi 6, na kitenge kimoja ni yadi 2. Mama anayeshona vazi kamili anachukua nusu pisi. Kiwanda hakichapi kidogo, kwa hiyo ulizeni kiwango cha chini kabla ya kumlipa mchoraji. Andikisheni watu na wapokee risiti ya malipo ya kwanza. Orodha ya mdomo huwaacha na marobota yasiyo na wenyewe. Bidhaa inayopita Dar es Salaam au Mombasa ikifika mpakani ina karatasi zake. Wekeni miezi 6 toka oda hadi ugawaji.

Mchoro una mitego miwili. Wa kwanza: sura kubwa ya Lavigerie au ya askofu katikati. Fundi akikata, sura inaangukia pa kukalia, na malalamiko yataanza siku hiyo hiyo. Wekeni nembo ndogo zinazojirudia, sura ziache. Mtego wa pili: maandishi yote yakitazama upande mmoja, nguo ikishonwa kinyume yanasomeka miguu juu. Ombeni safu moja itazame juu na nyingine chini. Kabla ya kukubali rangi, ombeni sampuli, ifueni mara moja kwa sabuni ya kawaida, muianike juani.

Historia ya parokia yetu tutaipata wapi?

Anzieni nyumbani. Kitabu cha ubatizo cha kwanza kina mengi kuliko watu wanavyofikiri: jina la aliyebatizwa, wazazi, msimamizi, padri, kijiji. Hapo mnaona mission ilivyopanuka kilima kwa kilima.

Pili, kila kituo cha Mapadri Weupe kiliandika shajara ya kila siku. Sheria yao ilidai hivyo. Mvua, wagonjwa, wageni, ugomvi na chifu, idadi ya wakatekumeni, yote yamo. Hifadhi kuu ya shirika iko Roma. Barua ya kuomba isiseme «tupeni historia yetu». Itaje jina la kituo kama lilivyoandikwa zamani na miaka mnayotafuta. Majina yamebadilika: Nyangezi iliitwa Thielt-Saint-Pierre, Bukavu yenyewe iliitwa Costermansville. Mkiandika jina la leo tu, mnaweza kujibiwa kwamba hakuna kitu, na kumbe kipo.

Shajara ziliandikwa na padri, kwa macho ya padri. Kwa hiyo zisomwe pamoja na maneno ya wazee. Mzee mwenye miaka 85 ahojiwe nyumbani kwake, asubuhi, si zaidi ya saa moja, na mjukuu awepo. Msimwulize «eleza historia ya mission». Mwulizeni nani alimfundisha ishara ya msalaba, walitembea umbali gani kwenda kusoma, walikula nini huko.

Picha na vitabu vya zamani tuvishughulikieje?

Mikono mikavu na safi. Penseli mezani, kalamu ya wino ibaki mfukoni. Picha ndogo iskaniwe kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi (dpi), karatasi kwa 300, na kila faili lipewe jina lenye mwaka, mahali na namba. Nakala zikae sehemu tatu: parokiani, jimboni, na kwa shirika.

Makosa yanayoua karatasi ni yale ya nia njema: kubandika selotepu kwenye mpasuko (gundi yake inageuka kahawia na kula wino), kupitisha picha ya asili kwenye plastiki ya moto, na kuanika kitabu chenye unyevu juani. Kitabu kilicholowa kinakauka kivulini, kimesimama, kurasa zimefunguliwa kidogo. Unyevu wa ziwa na mchwa ni maadui wa kila siku, kwa hiyo kabati lisiguse ukuta wala sakafu.

Na jambo moja la heshima: kurasa za ubatizo zisiwekwe wazi kwenye maonyesho wala kutupwa kwenye WhatsApp. Zina habari za wazazi wasiooana na watoto wasiotambuliwa. Wajukuu wao wako kwenye kwaya.

Tuwakumbuke akina nani kwa majina?

Wamisionari wana majina yao kwenye mashirika yao, na makaburi yao yanatunzwa. Walio hatarini kusahaulika ni makatekista, wale tuliowaita «mwalimu». Lavigerie alitaka ukatekumeni wa miaka 4, miwili ya utangulizi na miwili ya kujiandaa kwa ubatizo, na aliagiza wamisionari waishi si chini ya watatu na wajifunze lugha ya watu hadi waizungumze hata wao kwa wao. Vizuri. Lakini mapadri watatu wenye vilima arobaini hawafundishi watu kila siku miaka 4. Aliyefundisha ni mwalimu, na mke wake ndiye aliyewalisha wanafunzi wa mbali.

Ndiyo maana tunashauri kamati itoe bajeti ya kwanza kwa orodha hii, kabla ya kitenge na kabla ya fulana. Kila jumuiya hai ipewe fomu ya ukurasa mmoja: jina la mwalimu, jina la mke, kilima, miaka ya kazi, alipozikwa. Miezi 3 ya kukusanya, mwezi 1 wa kulinganisha na vitabu. Majina yasomwe wakati wa kuwaita wahenga, kwa sauti mbili zikipokezana. Majina 60 yanachukua kama dakika 4. Yakizidi 100, gawanyeni kwenye Misa za novena.

Msiwaache pia wenyeheri wa karibu. Waksaveri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri wa jimbo Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, na walitangazwa wenyeheri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Albert Joubert alikuwa mtoto wa Kapteni Joubert, yule mwanajeshi wa zamani wa Papa aliyekuja kulinda mission za Tanganyika, na mama Mwafrika. Katika mtu mmoja mnapata historia nzima ya ukanda huu.

Mambo machungu tuyaseme?

Ndiyo. Vijiji vya kwanza vya mission, kama Kibanga, vilijazwa kwa sehemu na watoto na watu wazima waliokombolewa, yaani walionunuliwa kutoka kwa wafanyabiashara wa utumwa. Waliokolewa na minyororo, kisha wakaishi chini ya utawala wa mission bila kuchagua. Mpala ilikuwa ngome ya shirika la Mfalme Leopold II kabla ya kukabidhiwa mapadri mwaka 1885, na ilikuwa na bunduki zake. Lavigerie mwenyewe mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akipigania kukomesha utumwa, na serikali za wakoloni zikatumia vita hivyo kwa faida yao. Bango moja la maonyesho, maneno 200, linatosha kusema haya kwa utulivu. Likikosekana, vijana watayasema mtandaoni, kwa hasira zaidi na kwa usahihi mdogo.

Chakula cha wageni 500?

Mchele kilo 55. Unga wa bugali kilo 40 kwa wanaochanganya. Maharagwe kilo 35, yalowekwe usiku kucha, la sivyo makaa yatakwisha kabla hayajaiva. Nyama yenye mifupa kilo 75. Sombe itwangwe siku moja kabla na ianze kuchemka saa kumi na moja alfajiri. Sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa, ni msaada mkubwa ikiwa nyama imechelewa. Maji ya kunywa nusu lita kwa kila mtu, si kwa wageni wa meza tu: waamini 3,000 ni bidoni 75 za lita 20. Choo kimoja kwa watu 100, na ndoo ya kunawia mbele ya kila kimoja.

Ugawaji uwe na sehemu 4 zinazofanana. Sehemu moja yenye meza nzuri kwa wakubwa na nyingine moja kwa wote ndiyo inayozaa msongamano.

Umeme ukikatika?

Jenereta ya kVA 10 ikifanya kazi inakula lita 2 hadi 3 za mazutu kwa saa. Kwa siku nzima wekeni lita 30, na iwashwe dakika 30 kabla ya Misa, isingoje umeme ukatike. Iwe mita 40 mbali na altare, upande upepo unakokwenda. Ngoma zisiwekewe mikrofoni moja na waimbaji. Ngoma zitameza sauti zote.

Pesa: nani anashika?

Watu watatu wenye saini, wawili kati yao watoshe kutoa. Daftari moja lenye safu mbili, faranga na dola, na kiwango cha kubadilisha kiandikwe kwa tarehe ya kila malipo. Kuchanganya sarafu mbili kwenye jumla moja ndiko kunakozaa shutuma hata mahali pasipo na mwizi. Sadaka ya Misa ya jubilei ni ya nani: parokia, jimbo au shirika? Amueni kwa maandishi mwezi mmoja kabla. Mchango wa familia usiwe sharti la ubatizo wala la kipaimara cha mtoto.

Mgeni mkuu asipofika?

Barabara, ziwa na ndege za Kivu hazina ahadi. Kila nafasi kwenye ratiba iwe na mtu wa pili aliyeandikwa na aliyepewa maandishi yake mapema, pamoja na mhubiri. Hotuba za salamu zisizidi 3, dakika 5 kila moja, na zisomwe baada ya komunyo, kabla ya baraka. Zikisogezwa hadi baada ya Misa, watu watakuwa wameshaelekea kwenye sufuria.